Mtani niliyemnyamazisha mezani

Pande,
Kilwa.
17 Novemba 2024

Mpendwa kaka Dadi,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute hukohoi, huna homa, na hiyo baridi ya Tunduma imeanza kukuzoea wewe, maana wewe kuizoea umeshindwa. Wifi Batuli hajambo? Mgongo wake unaendeleaje? Na Moza mdogo bado anakula sabuni? Mwambie shangazi yake anamsalimu sana na siku akija huku atakula mabibo mpaka nguo zote ziwe na madoa.

Huku tuko wazima, tunashukuru. Mama hajambo, ni magoti tu yanamsumbua akiamka. Korosho za bondeni zimeangusha vizuri, zile za juu ugonjwa wa ubwiri unga umezipiga. Mjomba Iddi anasema ni kwa sababu tulichelewa kupulizia dawa. Aliyechelewa ni yeye, lakini hilo halisemi.

Lile bati la jikoni lililokuwa linavuja nimeliziba mwenyewe kwa lami. Nilipanda juu, Mama akashika ngazi huku ananisomea dua kama vile naenda vitani. Halivuji tena. Sasa linavuja la pembeni yake.

Najua utashangaa kuona barua, tena ya karatasi, wakati simu ninayo na bando ninalo. Xaveri anakuja huko Tunduma na lori la mwajiri wake, nimempa akuletee mkononi. Kaka, zile simu zangu za wiki hii zinazokatika ukisema haloo, si mtandao. Ni mimi. Nakupigia, nasikia sauti yako, nakata. Nina jambo la kukwambia na mdomo umekataa, kwa hiyo nimeona niliandike. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujampigia Mama.

Siku ile ya pili baada ya kumzika Bibi ulipopiga ukaniuliza, watani wa Songo Mnara walikuja? Nikasema walikuja. Ukauliza, Rehani alifanya nini? Nikakwambia alivaa kanga ya Bibi na miwani yake, akatembea amejishika kiuno, akaomba ugoro, watu wakacheka mpaka wafiwa wakakaa chini. Ukacheka kaka. Nilikusikia unacheka na huku unalia, ukasema, basi Bibi amezikwa vizuri. Yale yote niliyatunga. Rehani alikuja, lakini hakufanya chochote kati ya hayo, na sababu ni mimi.

Sasa nianze na ile meza, maana yote yametoka hapo.

Meza yako ya vijitu, ile ya mpira wa mezani, ipo na ni nzima. Bado iko pale barazani ulipoiacha. Vyuma nimevipaka grisi, vishikio nimevifunga upya kwa mpira wa tairi la baiskeli, na yule kipa aliyevunjika mguu nimemchongea mwingine kwa mti wa mkorosho. Mfupi kidogo lakini anadaka. Watu wanacheza kila siku wakitoka shamba. Bibi alikuwa anailalamikia mpaka mwisho, si unamjua. Akisikia tu vyuma vinagonga anaita kutoka ndani, "Sauda, hilo jeneza lenu lenye vijitu mtalipiga mpaka lini, watu tumelala?" Hata mchana.

Wewe ulipoondoka uliniachia sheria moja tu. Ulikuwa unafunga mzigo wako, nikakuuliza nitajuaje kama mtu anacheza kwa haki, ukaniambia niangalie kama aliyefungwa atarudi kesho. Mimi nikaona hiyo si sheria, hayo ni maneno ya mtu anayewahi basi. Nikaanza kutafuta mwenyewe kwenye simu. Kaka, kumbe huu mchezo huko duniani una mashindano makubwa, watu wamevaa jezi, refa kasimama, na kila kitu kina utaratibu wake. Lugha yao siielewi vizuri lakini macho ninayo. Nikaziangalia zile video, narudisha nyuma, narudisha nyuma, mpaka nikaelewa. Nilikuwa silali kwa raha.

Nikaandika sheria kwa makaa kwenye ukuta wa baraza. Huzungushi chuma kama unasonga ugali, unapiga kwa kiganja na kifundo. Hutingishi meza wala huinyanyui ili mpira ukufuate. Huingizi mkono uwanjani mpira ukiwa unatembea, na ukisimama mahali vijitu havifiki, aliyefungwa mwisho ndiye anayeuanzisha. Mpira ukiingia golini ukaruka ukatoka nje, ni goli, usibishane. Kabla hujaanza lazima umuulize mwenzako, "Tayari?" naye ajibu, "Tayari." Na mwisho nikaandika: huongei kumchanganya mwenzako mpira ukiwa unatembea.

Na nikwambie ukweli, mchezo ulinyooka. Zamani alikuwa anashinda mwenye mabavu, anazungusha vyuma kama feni, mpira unaruka unaingia kwenye sufuria la mama lishe. Baada ya sheria hata dada zake Witness walianza kushinda. Witness ndiye rafiki yangu wa Kikole, anashona cherehani pale dukani, na ndiye tuliyempa filimbi awe refa kwa sababu hachezi na haogopi mtu. Watu wa Kikole wakaanza kuja. Nilijiona kinoma, kaka. Nilijiona kama mimi ndiye niliyeutengeneza mchezo, wakati meza yenyewe umeichonga wewe.

Tukasema tufanye mashindano. Pande, Kikole na Songo Mnara, mmoja kwa mmoja, zawadi mbuzi. Watu walijaa barazani mpaka wengine wakapanda kwenye matofali ya mjomba Iddi.

Fainali nikaingia mimi na Rehani.

Si unamjua Rehani alivyo. Anauza pweza wake asubuhi, mchana yuko mezani, na mdomo haufungi. Anacheza huku anatukana ukoo wetu mzima, walio hai na waliokufa, na hakuna anayemkasirikia, maana sisi na wao tumezikana tangu enzi za babu wa babu. Siku ile ndiyo alikuwa amepandwa na mori. Watu wa Kikole wengine walikuwa hawajawahi kumsikia, wanacheka wanashikana.

"Refa, muulize huyu kama anajua kile ni mpira," anasema. "Kwao wanadhani ni bibo limekauka."

Nikafunga goli. "Mwacheni," anasema, "huo mkono ni wa kupepeta mchele, umekosea njia."

Akafunga yeye. "Kipa wao amelala. Wa kwao kabisa, anakoroma kama babu yake chini ya mkorosho."

Tukafika mahali pa goli moja. Anayefunga ndiye mwenye mbuzi. Nikaupata mpira, nikapiga, nikakosa. Nikaupata tena, nikakosa tena. Rehani anasema, "Pole pole mtani, goli haliondoki, limejengwa." Watu wakaangua kicheko. Nikaona uso unaniwaka moto. Nikaachia vishikio, nikasema, "Refa, faulo. Anaongea mpira ukiwa unatembea."

Watu wakacheka zaidi. Walidhani namjibu utani. Rehani mwenyewe alicheka, akasema, "Leo ametoa mpya."

Witness akaniambia kwa chini, "Sauda, huyo ni mtani wako."

Nikamwambia, "Sheria haina mtani. Soma pale ukutani."

Hapo bado ningeweza kurudi, kaka. Ningecheka tu yakaisha. Lakini nikaona wananiangalia wale wa Kikole, mimi mwenye sheria, nikamgeukia Rehani nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mimi sicheki na wewe. Unaongea kwa sababu kucheza hujui. Unaiba mchezo kwa mdomo. Hapa mimi sina utani na wewe."

Hata wale juu ya matofali waliacha kucheka. Rehani akatoa mikono yake kwenye vyuma taratibu, akaifuta kwenye shati. Akauliza, "Huna utani na mimi?"

Nikasema, "Sina."

Akasema, "Basi nimesikia, dada."

Dada. Rehani hajawahi kuniita dada tangu nizaliwe. Mara nimekuwa mkorosho mbovu, mara mlinda nyani, mara kichwa cha nazi. Witness akapiga filimbi, mpira ukawekwa kwangu mbele, nikauliza "Tayari?", akajibu "Tayari" kama mtu anayejibu ofisini. Nikafunga. Mbuzi nikapewa. Hakuna aliyepiga makofi ila wale wageni, na wao waliacha katikati.

Sasa nikwambie linaloniuma kuliko yote, na hili sijamwambia hata Mama. Ile sheria si mbaya. Mpaka leo nasema si mbaya. Lakini maneno ya Rehani hayakunikosesha mimi goli. Nilikosa kwa sababu nilikosa. Nimecheza naye miaka yote anaongea, tena nikimsikia ndiyo napata nguvu. Na nusu fainali mimi mwenyewe nilimpigia kelele yule kijana wa Kikole, nikamwambia mashati yake yameshonwa na kipofu, akababaika, nikamfunga. Refa hakupiga filimbi, na mimi mwandishi wa sheria sikumkumbusha. Nikaikumbuka ile sheria goli moja kabla ya mwisho, iliponifaa mimi. Huo ndio wizi wa mchezo, kaka. Mezani nimeuona wa kila aina, wa kutingisha, wa kuzungusha, wa kuingiza mkono, lakini wa kuvizia na sheria nilikuwa sijauona mpaka nilipoufanya.

Mama aliniuliza tu jioni ile, "Ulimwambia mtani huna utani naye?" Nikasema, ni mchezo Mama. Alimfunga mbuzi akaingia ndani.

Halafu Bibi akafariki.

Hayo unayajua, nilikwambia alivyoanza kuugua na jinsi ilivyokuwa haraka. Taarifa ikaenda Songo Mnara, na watani wakaja. Wote. Walikuja na boti mapema wakajaa uani. Walichanja kuni, walichota maji, wanaume wao ndio waliochimba kaburi. Kwa kazi huwezi kuwalaumu hata kidogo.

Rehani alikuja amevaa kanzu. Kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Akawapa mkono wazee mmoja mmoja, "Poleni wafiwa, poleni." Akaja kwetu kinamama akasimama mbali, akasema, "Mama, pole sana. Mungu ampumzishe."

Unakumbuka alivyofanya alipokufa babu. Alivyovaa koti la babu na kofia, akakohoa kama babu, akamwomba Mama chai isiyo na sukari halafu akailalamikia haina sukari. Alivyojilaza mlangoni akasema mzee haendi popote mpaka jogoo wake apatikane. Mama alicheka siku ile, kaka, baba mkwe wako yuko ndani kafunikwa na unacheka mpaka unashika ukuta. Ndiyo iliyomfanya aweze kula.

Kwa hiyo safari hii Mama alikuwa ameandaa. Alitundika kanga ya Bibi, ile ya rangi ya bizari, kwenye msumari karibu na mlango, na miwani ya Bibi ile iliyofungwa kamba akaining'iniza hapohapo. Hakusema kitu, lakini kila mtu alijua inamngoja nani. Kila aliyeingia aliiangalia. Rehani alipita pale kubeba maji, akapita tena, hakuigusa. Watani wenzake wakawa wanamwangalia yeye, na yeye akawa anaangalia chini, na wao wakanyamaza.

Jeneza likatoka. Hakuna aliyelala mlangoni. Hakuna aliyedai jogoo. Lilitoka moja kwa moja kama mzigo unaopelekwa stendi. Nilisikia shangazi mmoja nyuma yangu anauliza, "Hawa tumewakosea nini?" na mwingine akamjibu, "Muulize huyo hapo mbele yako." Huyo hapo mbele yake ni mimi.

Mbuzi wangu wa ushindi ndiye aliyechinjwa. Siku zote watani wananyang'anya nyama jikoni, wanakimbia nayo, mnafukuzana. Rehani alikaa kwenye mkeka, akala kidogo, akanawa, akasema, "Ahsanteni, Mungu awalipe." Mtani kushukuru chakula msibani. Mjomba Iddi aliacha kula.

Watu walipoondoka Mama akaishusha ile kanga, akaikunja, akaweka miwani katikati, akanipa. Akasema, "Itunze wewe." Basi. Afadhali angenipiga.

Na kesho yake ndipo ulipopiga ukauliza Rehani alifanya nini. Ulikuwa peke yako huko mbali, umeshindwa kufika kumzika, nikaona nikikwambia ukweli nitakuzika na wewe. Lakini nisijipambe. Nilikuwa najiokoa mimi.

Nilikaa nayo ile kanga nikashindwa. Nikachukua jogoo, yule mwekundu, nikapanda boti ya mashine na akina mama wanaorudi Songo Mnara, hakuna aliyenisemesha njia nzima. Nikafika kwa Rehani. Mkewe Adija akanitandikia mkeka mpya. Rehani akatoka akasema, "Karibu mgeni." Nikaletewa pweza wa nazi na maji ya kunawa. Nilipokelewa vizuri mpaka nikatamani kukimbia.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, mpaka lile la nusu fainali. Akanisikiliza. Akasema, "Hujanikosea kwa sheria. Sheria yako nzuri, hata mimi naipenda, ningeambiwa mapema ningefunga mdomo. Ila ulisema hatuna utani, tena mbele za watu. Mtu akishasema hivyo mimi nitavaaje kanga ya bibi yake? Nitakuwa nimekuja kuwadhihaki wafiwa. Nilikuja kuzika kama jirani."

Nikamwekea kanga na miwani mkekani, na jogoo pembeni. Akavuta kanga akaiweka nyuma yake. Jogoo akanirudishia. Akasema, "Huyu rudi naye. Jogoo wa mtani mimi namkamata mwenyewe, siletewi." Nikarudi na jogoo wangu kwapani, watu wa Pande wote wananiona nashuka naye. Kaka, sijui kama aibu ina sura, lakini kama inayo basi ni ya yule jogoo.

Jana akaja na pweza wake kama kawaida. Nilikuwa barazani nasafisha meza, Witness yupo na watu wachache. Nikamwita, nikamwambia, "Njoo tucheze. Hakuna mbuzi." Akaweka chini kapu lake, akaja.

Tukacheza. Hajawahi kucheza vile. Hazungushi, hatingishi, kila mpira anauliza "Tayari?" na kusubiri nijibu. Ananifunga, anarudisha mkono, kimya. Unasikia vyuma tu na kuku. Watu wakaanza kujaa lakini hakuna anayecheka. Haki tupu, kaka, kila mstari wa ukutani umefuatwa, na ulikuwa mchezo mbaya kuliko yote niliyocheza maisha yangu.

Akanifunga, akanifunga. Nikashindwa kuvumilia. Mpira uko katikati unatembea, nikasema, "Rehani, mkono wako umekakamaa kama pweza asiyepigwa akalainika."

Akaachia vyuma. Akanyoosha mkono juu kama mtoto darasani.

"Refa," akasema. "Faulo. Anaongea mpira ukiwa unatembea."

Witness akaniangalia, akamwangalia yeye, akapiga filimbi. Mimi nilidhani kweli ananishitaki. Nikainamisha kichwa.

Rehani akawageukia watu. "Someni pale ukutani kama mimi ni mwongo. Mnasema herufi ndogo? Ngojeni, nina miwani." Akaenda kwenye kapu, akainua pweza mmoja, chini yake mfuko, ndani ya mfuko kanga ya Bibi na ile miwani. Akajifunga kichwani. Akavaa miwani, kamba ikapita nyuma ya masikio. Akajishika kiuno, akainama kidogo upande wa kushoto kama Bibi, akausogelea ukuta pua inagusa, akasoma, halafu akageuka. Na sauti iliyotoka, kaka, ilikuwa ya Bibi.

"Sauda," akasema. "Hilo jeneza lenu lenye vijitu mtalipiga mpaka lini, watu tumelala?"

Sikuweza kusimama. Nilikaa palepale kwenye vumbi nikalia, na watu wanacheka, na mimi nacheka, sijui lipi lilianza. Mama akatoka ndani na mwiko mkononi kuona kelele ya nini. Akamwona. Akasema, "Weee mwizi, hiyo kanga umeipaka pweza," na machozi yanamtoka. Rehani akamjibu kwa sauti ya Bibi ileile, akamwambia ugali wake una mabonge, kwamba aliolewa kwa huruma, kwamba yeye Bibi kaenda kupumzika na uvivu wake. Yote aliyokuwa nayo siku ya maziko akayameza, aliyatoa jana. Kisha akaenda akajilaza mlangoni, akakingama, akasema, "Sitoki. Siku ile mlinitoa haraka kama kiroba cha muhogo. Leo sitoki mpaka nipewe haki yangu."

Hakusubiri kupewa. Aliinuka, akamkimbiza yule jogoo mwekundu uani na kanga kichwani, akamkamata, akashika njia ya bandarini. Mama anamfukuza na mwiko, magoti yote yamepona. Amenyanyua sauti mpaka sokoni, anamwita mwizi. Sijamsikia Mama akipiga kelele vile tangu Bibi aondoke.

Leo nimeufuta ule mstari wa mwisho ukutani nimeuandika upya. Mtu akiuliza "Tayari?" na mwenzake akajibu "Tayari", midomo yote miwili inafungwa mpaka mpira usimame, tangu goli la kwanza, si la mwisho. Mpira ukisimama, tukananeni mpaka mchoke. Rehani ameuona akipita, akasema herufi zangu mbaya kama meno yangu.

Hii ndiyo habari ya kweli, kaka. Ile ya kwenye simu ifute. Najua utasema sasa yameisha, lakini kwangu hayajaisha. Bibi alitoka mlangoni bila mtu kumzuia, na hilo Rehani hawezi kulirudisha hata akijilaza pale kila siku. Na wewe ulicheka kicheko cha kweli kwa maneno ya uongo. Nisamehe. Ukipiga simu sitakata, hata kama utanisema.

Arobaini ni mwezi ujao. Jitahidi uje, kaka, uje na wifi na mtoto. Rehani ameniagiza nikwambie kanga hajairudisha, amebaki nayo, kwa sababu kuna maneno Bibi alikuachia wewe peke yako na hawezi kuyasema bila kuivaa.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri, na fulana nzito uvae. Mjomba Iddi anakusalimu, anaomba mche mmoja wa parachichi kutoka huko, sijui ataupanda wapi. Witness anamsalimu wifi, nguo ya Moza mdogo ameimaliza, nimeifunga humo na bahasha. Wewe nisalimie wifi Batuli, na mbusu Moza kwenye mashavu yote mawili.

Mungu awatunze huko mliko, awafungulie riziki, na awarudishe nyumbani mkiwa wazima, sisi tukiwa hai wa kuwapokea.

Mdogo wako mwenye aibu, anayekupenda na anayekungoja mlangoni,

Sauda